Je, wajua? Watu wa mji wa mapango wa Matera walipata wapi maji?

Matera uko kusini mwa Italia, katika mkoa wa Basilicata, ukingoni mwa korongo refu. Chini kabisa kunapita mto mdogo uitwao Gravina. Ziara za miguu hupitia mitaa miwili ya kale iliyochongwa mwambani, Sasso Caveoso na Sasso Barisano, na mgeni akichungulia korongoni hujiuliza: nani alikuwa akishuka genge lile kila siku kuteka maji, kisha akapanda na mtungi?

Wenyeji hawakuutegemea mto. Maji yao yalitoka juu, kwenye mvua.

Mwamba wa Matera ni jiwe laini la chokaa ambalo wenyeji huliita tufo. Hukatika kwa sururu. Watu walichimba pango, na mawe waliyoyatoa wakajengea chumba cha mbele, kwa hiyo nyumba nyingi ni pango kwa nyuma na ukuta wa kawaida kwa mbele. Mlima ni mkali kiasi kwamba paa la jirani wa chini ndilo njia ya jirani wa juu. Unatembea ukidhani uko barabarani, kumbe uko juu ya dari ya mtu.

Paa hizo na vijia hivyo ndivyo vilivyokinga mvua. Michirizi iliyochongwa ukutani ilipeleka maji kwenye birika chini ya sakafu au chini ya ua ambao majirani waliutumia pamoja. Lakini tufo hunyonya maji. Shimo tupu lingevuja. Hapo ndipo ufundi ulipo: ndani walipiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, ambayo haipitishi maji. Birika lilichongwa kwa umbo la kengele, mdomo mwembamba na tumbo pana, hivyo jua halikuingia na maji yalibaki baridi.

Birika kubwa kuliko yote, Palombaro Lungo, liko chini ya uwanja wa Vittorio Veneto. Lina kina cha mita 16 hivi na huchukua takriban lita milioni 5. Mji ulipoletewa maji ya bomba mwanzoni mwa karne ya 20 liliachwa, likasahaulika, hadi lilipogunduliwa tena mwaka 1991. Leo unashuka kwa ngazi na kuona ukutani alama za kimo cha maji ya zamani. Kwangu mimi, hapo pekee panatosha kulipia safari.

Basi ilikuwaje mji wenye akili kiasi hicho ukaja kuitwa aibu ya Italia? Watu waliongezeka, nafasi haikuongezeka. Familia maskini zilihamia popote palipokuwa na shimo: mazizi, maghala, hata mabirika yenyewe. Watu wakalala chumba kimoja na nyumbu na kuku, bila dirisha, na malaria ikaua watoto wengi. Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alifika mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1952 ikaamuru wakazi wahamishwe, na watu wapatao 15,000 wakapelekwa kwenye makazi mapya. Mapango yakabaki matupu kwa miaka mingi. Mwaka 1993 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na sasa mengi ni hoteli, na si za bei rahisi.

Ukibahatika kulala katika mojawapo, inua macho. Ukiona tundu la mviringo katikati ya dari lililozibwa kwa kioo au jiwe, na kutani kuna mabaki ya lipu nyekundunyekundu, jua kwamba kitanda chako kimewekwa ndani ya birika, na tundu hilo ndilo lililokuwa likishushiwa ndoo.