Kidonda kidogo, maumivu makubwa: maswali kuhusu mshtuko wa sumu ya streptokokasi

Nilijikwaa juzi, kidole kikachubuka kidogo tu. Leo mguu mzima unauma, usingizi sipati, nina homa. Malaria nimepima, hakuna. Nisubiri kukuche?

Usisubiri, nenda hospitali usiku huu. Maumivu yanayokizidi kidonda chenyewe ni dalili ya kuogopwa, kwa sababu ngozi inaweza kuonekana salama huku nyama za ndani zimeanza kufa. Huenda ni mshtuko wa sumu ya streptokokasi, ugonjwa unaoletwa na bakteria, nao huanza kama homa yoyote: baridi, kutetemeka, misuli kuuma, kutapika. Kisha, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48, presha inaporomoka. Moyo ukienda mbio, mkojo ukipungua au mgonjwa akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, viungo vya ndani vimeshaguswa.

Bakteria gani hao?

Streptokokasi kundi A, wale wale wa tonsili za watoto. Wakipenya ndani, sumu yao huamsha kinga ya mwili kwa mkupuo mmoja, mishipa ikaanza kuvuja maji na damu ikakosa nguvu ya kufika kwenye figo na ubongo. Mwaka 2024, Japani ilihesabu wagonjwa 977 wa mshtuko huu kufikia mwanzoni mwa Juni. Mwaka mzima wa 2023 walikuwa 941.

Nani ajihadhari zaidi?

Wazee, wenye kisukari, mtoto mwenye tetekuwanga, aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Na mzazi: homa na tumbo kuuma sana baada ya kujifungua, asiambiwe "ni kawaida ya uzazi". Kukosa kidonda nako si kinga, maana kwa karibu nusu ya wagonjwa njia waliyopitia bakteria haijulikani.

Hospitali watafanya nini?

Dripu za kutosha, kuotesha damu maabara ili kuwatafuta bakteria, na dawa mbili za mshipa kwa pamoja. Penisilini huua bakteria, klindamaisini huwazuia kutengeneza sumu. Nyama iliyokufa lazima ikatwe. Hapo ndipo ndugu hugoma, wakiomba dawa zijaribiwe kwanza. Nawaelewa, lakini dawa haifiki mahali pasipopita damu. Hata wakitibiwa, wagonjwa kama 3 kati ya 10 hufariki.

Nimeze diklofenaki kwanza?

Hapana. Itatuliza homa na maumivu, daktari akuone kama mtu mwenye nafuu. Kama umeshameza, mwambie ulimeza saa ngapi.