Kwa Nini Mafunzo ya Sayansi ya Anga Yanahitaji Kulala Kambini

Kila tukiandaa mafunzo ya sayansi ya anga kwa wanafunzi wa sekondari hapa Dodoma, wazazi hutuuliza: kwa nini mtoto asirudi nyumbani jioni? Ni kwa sababu somo lenyewe huanza jua likishazama, na haliishi kwa usiku mmoja.

Chukua sayari ya Mshtarii. Kwa darubini ndogo tu, mwanafunzi huona vitone vya nuru vimejipanga pembeni mwake. Ni miezi minne ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Tunamwambia avichore kwenye daftari na aandike saa. Kesho yake usiku anachora tena, na vitone vimehama. Kilichokuwa kushoto kimevukia kulia. Io, mwezi ulio karibu zaidi na sayari kati ya hiyo minne, huizunguka kwa muda usiofika siku mbili. Nimemwona binti wa kidato cha pili akilinganisha kurasa zake tatu kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, hataki kabisa kwenda bwenini. Nyekundu, kwa kuwa jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe huivuruga kazi hiyo mara moja.

Mchana tunapima kivuli cha fimbo. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba. Machi mawingu hutukwamisha. Oktoba kivuli cha fimbo iliyosimama wima hutoweka, si saa 6 kamili bali saa 6:25 hivi mchana, na wanafunzi hubishana sana juu ya dakika hizo. Sababu kubwa ni kwamba saa ya Tanzania hufuata longitudo 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake, hivyo jua huchelewa kutufikia utosini.

Wahenga walisema Kilimia, kile kikundi cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mtoto wa mkulima akishakijua Kilimia angani, kumweleza jinsi satelaiti zinavyofuatilia mawingu na mashamba si kazi ngumu.

Tunachagua usiku usio na mbalamwezi, miezi ya kiangazi, na matroni hulala na mabinti. Juni na Julai baridi ya Dodoma ni kali: mwanao aje na blanketi, sweta na penseli mbili.