Kwa nini mgonjwa wa moyo hupimwa uzito kila asubuhi?

Katika wodi ya wagonjwa wa moyo, mizani hutangulia chai. Mgonjwa ambaye hata kuvuka chumba kunammaliza pumzi anaombwa ashuke kitandani, asimame juu ya mizani, namba iandikwe, arudi kukaa. Ndugu wengi huona ni kumsumbua bure. Mtu kaja na shida ya moyo, kilo zake zinahusu nini?

Jibu liko kwenye figo. Moyo ulioshindwa kufanya kazi haujasimama. Unapiga, ila unasukuma damu pungufu kuliko mahitaji ya mwili. Figo nazo zinapata damu kidogo, na hazina njia ya kujua kwamba kasoro iko kwenye moyo. Zinajibu kama ambavyo zingejibu kwa mtu aliyejeruhiwa na kuvuja damu nyingi: zinatoa kemikali iitwayo renini, homoni zinaamshana hadi kufikia aldosteroni, ile inayoziamuru figo zishike chumvi, na chumvi iliyokuwa njiani kutoka na mkojo inarudishwa mwilini. Chumvi ikirudi, maji huifuata. Ujazo wa damu unaongezeka, moyo uliochoka unatwishwa mzigo zaidi, na figo zinazidi kuyazuia maji.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo ndipo mizani inapopata kazi yake, kwa sababu mafuta ya mwili hayapandi kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta huhifadhi takriban kilokalori 7,700. Ili mtu anenepe kilo 2 kwa siku 3, ingebidi kila siku ale kilokalori zaidi ya 5,000 juu ya chakula chake cha kawaida, na mgonjwa huyu, ambaye tumbo na ini vimemjaa, anashiba kwa vijiko vichache vya uji. Kwa hiyo kilo zilizoruka ndani ya siku chache ni maji. Miongozo ya tiba ya moyo ya Ulaya humtaka mgonjwa awasiliane na watoa huduma wake, au aongeze dawa ya kutoa maji kama alivyoelekezwa, uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku 3.

Jicho huchelewa. Lita kadhaa zinaweza kujificha mwilini kabla miguu haijavimba waziwazi. Tena kwa mgonjwa anayelala muda mwingi, maji hufuata upande wa chini na kutua mgongoni, juu kidogo ya makalio. Familia inafurahi kwamba miguu imepungua, kumbe uvimbe umehama. Muuguzi makini humgeuza mgonjwa, akabonyeza hapo kwa kidole gumba sekunde chache na kuangalia kama shimo linabaki. Ngozi iliyojaa maji huchanika upesi, kwa hiyo kumgeuza huko kila baada ya saa mbili hivi kunamkinga pia na vidonda vya kitandani.

Nyumbani, pima asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, kwa mizani ileile. Mizani ya bei rahisi inayokosea kilo moja haina neno ikiwa inakosea vilevile kila siku, maana tunachofuatilia ni mabadiliko. Andika kwenye daftari. Kama mizani haipo, tumia dalili nyingine: kandambili zilizoanza kubana, alama ya soksi isiyofutika, na idadi ya mito.

Mito ni kipimo ninachokiamini sana. Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye mzunguko wa damu, moyo unaelemewa, na mapafu yanajaa. Ndiyo maana mgonjwa huamka usiku akihema, akakimbilia dirishani. Aliyekuwa akilalia mto mmoja akihamia mitatu, au akaanza kulala kwenye kiti, hali imebadilika hata kama halalamiki. Muulize hivyo, “unalalia mito mingapi?”, kwa sababu swali la “unajisikiaje?” wengi hulijibu “namshukuru Mungu” hata wakiwa wanazama.

Dawa ya kutoa maji, furosemidi, ikinywewa huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa saa sita hivi. Hutolewa asubuhi ili mgonjwa asihangaike na choo usiku kucha. Lakini hapa kwetu kuna jambo lingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na presha ndiyo chanzo kikubwa. Hawa ni watu wanaofanya kazi na wanaopanda daladala. Mgonjwa akiwaza safari ya saa mbili bila choo, anaiacha dawa, na mara nyingi anaiacha siku ileile ya kliniki. Kumgombeza hakusaidii. Panga naye saa nyingine ya kuinywa, hata akishafika anakokwenda, mradi isirukwe.

Chumvi inahitaji uchunguzi wa jikoni, si amri ya “punguza chumvi”. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa. Papa na ng'onda kila mtu anajua wana chumvi. Wanaoponyoka ni vile viungo vya mchemraba vya kukolezea mchuzi, na magadi. Magadi yanayolainisha maharage au mlenda yana sodiamu nyingi bila ladha ya chumvi, hivyo mpishi anaapa kwamba hajatia chumvi, na anasema kweli. Loweka maharage usiku kucha, yatalainika bila magadi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vitaleta ladha. Zile chumvi mbadala zenye potasiamu usizinunue bila kumuuliza daktari: pamoja na dawa za moyo kama enalaprili au spironolaktoni, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo.

Hatari nyingine iko duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo au magoti, huzifanya figo zishike chumvi na maji. Mgonjwa anaweza kushika mlo wake vizuri, akameza vidonge vya maumivu siku chache, akarudi wodini. Kila anapopanda uzito ghafla, muulize amemeza nini. Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi kwake.

Kuna kundi ninaloliombea macho ya pekee: mama aliyejifungua karibuni. Upo ugonjwa wa msuli wa moyo unaojitokeza kati ya mwisho wa ujauzito na miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Miguu ikivimba na pumzi ikikata, huambiwa ni uzazi tu. Uzazi haumfanyi mtu ashindwe kulala chali wiki kadhaa baada ya kujifungua. Apelekwe akapimwe moyo.

Namba za daftari zina kikomo. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kukonda nyama huku maji yakiongezeka, kilo zikabaki palepale, kwa hiyo mtazame pia mashavu na mikono. Na zipo hali zisizongoja mizani: kukosa pumzi akiwa amekaa tu, kukohoa povu la rangi ya waridi, kuzimia, au kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu, mkalishe wima, miguu ikining'inia, usimlaze hata akiomba, usimpe maji mengi, na gari litafutwe wakati huohuo.