Kabla Hujanipigia Kuomba Katoni za Pedi

Jumanne nikiwa kwenye daladala ya Mabogini simu ikaita. "Dada, si nyie akina mama mnaogawa pedi? Tuleteeni katoni kumi Jumamosi, na mpiga picha tutamtafuta wenyewe." Ni mara ya nne mwaka huu. Safari hii najibu kwa maandishi.

Klabu yetu ya wanawake wenye taaluma wanaojitolea hapa Moshi si stoo ya misaada. Klabu za namna hii zilianzia Marekani, Zonta mwaka 1919 na Soroptimist mwaka 1921, enzi ambazo Rotary, klabu nyingine ya kujitolea, ilikuwa ya wanaume. (Rotary ilikuja kuwafungulia wanawake mlango rasmi mwaka 1989.) Msingi wake ni kwamba kila mwanachama anaingia na kazi yake. Kwetu yupo muuguzi, mwanasheria, mhasibu, mwalimu mstaafu. Mimi ni mhandisi wa maji. Ukituomba katoni, unatuomba kile ambacho duka lolote la jumla pale Mbuyuni linacho.

Tupige hesabu. Tuseme katoni ina pakiti 24, na pakiti ina pedi 8. Katoni kumi ni pedi 1,920. Wasichana 120 waliovunja ungo, kila mmoja akitumia 16, zimekwisha. Mwezi mmoja! Mwezi wa pili binti amerudi kwenye kipande cha kanga, na picha yake bado inazunguka kwenye simu za watu.

Msiniambie tatizo ni bei tu. VAT ya pedi iliondolewa mwaka wa fedha 2018/19, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka.

Basi pedi za kufua? Nasi tuliamini hivyo. Tukapeleka shule moja ya kutwa huko tambarare, tukarudi baada ya miezi mitatu. Binti wa kidato cha pili akanitolea yake kutoka chini kabisa ya begi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mbichi, inanuka. Alikuwa anaifua usiku na kuianika chini ya godoro ili kaka zake wasiione. Pedi ile inataka maji, sabuni na jua. Sisi tulikuwa tumempa kitambaa tu. Nililia njia nzima kurudi mjini.

Tukaanza upya, na hapa ndipo watu wanapochoka kunisikiliza. Kiwango cha shule zetu ni tundu moja la choo kwa wasichana 20. Pale mapumziko yalikuwa foleni tupu, milango haina komeo. Binti anayehitaji dakika tano za faragha hazipati. Kikahitajika chumba chenye komeo la ndani, ndoo yenye mfuniko, kichomea taka, kamba ya kuanikia inayopata jua bila kuonekana uwanjani, na maji.

"Fungeni simtanki," kila mtu anasema. Bati la mita za mraba 160 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,600, toa kama sehemu moja ya tano inayopotea. Masika linajaa haraka. Lakini kati ya wasichana 120, siku yoyote ile 20 hivi wako kwenye siku zao. Kila mmoja akitumia lita 5, ni lita 100 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 ni siku 50 za masomo, na huko tambarare kiangazi ni kirefu kuliko hapo. Kule si Kibosho, mlimani kwenye mvua! Ndiyo maana tulihangaikia kuunganishiwa bomba kwanza, simtanki likawa akiba.

Mahudhurio ya wasichana yalipanda. Siwezi kuapa kwamba ni chumba chetu: muhula uleule shule ilipata matroni mpya, anayesikilizwa sana, na uji wa saa nne ukaanza. Tena mara moja tulifika bila taarifa tukakuta chumba kimefungwa, ufunguo uko na mwalimu aliyekwenda kikaoni mjini. Sasa funguo ni mbili, moja anakaa nayo dada mkuu.

Kwa hiyo ukipiga, uwe na majibu. Wasichana wangapi? Matundu mangapi? Maji ya Septemba yanatoka wapi? Ufunguo atashika nani?

Yule kaka wa Jumanne nilimpigia jioni, nikamuuliza la matundu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho asubuhi atakwenda kuhesabu.