Mshale Unaotoka Kabla ya Wakati: Utulivu wa Akili Katika Upinde wa Kijapani

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kyudo, ufundi wa upinde wa Kijapani, huamini kwamba anayekosa shabaha ana kasoro ya jicho au ya mkono. Nionavyo mimi, kasoro hukaa zaidi katika zile sekunde chache ambazo upinde umekwisha kuvutwa na mshale bado haujaachiwa.

Shabaha, inayoitwa mato, ina kipenyo cha sentimita 36 na huwekwa umbali wa mita 28. Upinde, mrefu kuliko mtu, hauna kifaa cha kulengea. Mshale ukishatulia shavuni, usawa wa mdomo, mpigaji hubaki hapo sekunde kadhaa akiendelea kupanua kifua na mabega. Hali hiyo huitwa kai. Asiyeweza kukaa humo, mkono ukamfunguka pasipo kukusudia, husemwa kuwa ana hayake.

Mimi niliugua hayake karibu mwaka mzima, na neno kuugua nalitumia kwa makusudi, kwa sababu utashi haukunisaidia kitu: nilijiambia “ngoja”, na kabla neno halijaisha kichwani ugwe ulikuwa umekwisha kulia. Chanzo chake ni mazoea. Kila mara jicho linapoona shabaha imekaa sawa, mkono huachia, na mambo hayo mawili yakishafungamana, kule kuona tu kunageuka amri. Ndiyo maana kadiri mtu anavyoitamani shabaha ndivyo mshale unavyomponyoka mapema zaidi. Wapigaji wa pinde za kisasa nao wanalijua vizuri tatizo hili.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuiondoa shabaha machoni. Mwanafunzi hurudi kwenye makiwara, bunda la mabua ya mpunga lililokazwa kwa kamba, akasimama umbali wa takriban urefu wa upinde wake, mahali ambapo hofu ya kukosa haina nafasi. Hapo namtaka aifuate pumzi yake tu, ishuke chini ya kitovu bila kukwama kooni. Ikikwama, mishipa ya shingo husimama na bega la kulia hupanda kidogo kuelekea sikio. Nikiliona bega hilo, najua mshale utatoka kabla ya wakati.

Baada ya wiki kadhaa namrudisha mbele ya mato kwa zoezi ambalo wengi huliona gumu kuliko kupiga kwenyewe: avute hadi mwisho, akae, aitazame shabaha, kisha aurudishe ugwe taratibu bila kuachia. Siku nilipoliweza kwa mara ya kwanza nilikuwa na mishale minne. Miwili niliirudisha, wa tatu ukaniponyoka kama zamani, na wa nne ulikaa shavuni kwangu muda wa kutosha kuusikia ugwe ukigusa kifua, nikiwa ninapumua.