Je, wajua kwa nini boti huishia kukaa upande mmoja wa trela inapopandishwa penye mteremko mkali?

Anayetazama kwa mara ya kwanza boti ya faiba ya mita 6 ikitolewa baharini huiona kazi hiyo kuwa nyepesi: gari hurudi nyuma likishuka mteremko wa zege hadi trela iingie majini, boti huelea juu ya trela, kamba ya winchi (kifaa cha kuvutia kilicho mbele ya trela) hufungwa kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kisha gari hupanda. Penye mteremko mkali, hata hivyo, trela ikishatoka majini huonekana kwamba shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti, imeegemea ukingo mmoja, na omo nayo imeachana na kizuizi cha mbele ilichokuwa imekigusa muda mfupi uliopita. Lawama humwangukia nahodha au dereva, ilhali mara nyingi chanzo ni kwamba trela ilizamishwa mno.

Boti inayoelea hufuata usawa wa maji, na trela hufuata mwinamo wa zege. Tuchukue mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 7: katika urefu wa mita 6, nyuma ya trela huwa chini kuliko mbele kwa takriban sentimita 85. Kwa hiyo, wakati omo imekwisha kugusa mbao za kulalia, shetri ingali inaelea mbali juu ya mahali pake, haishikiliwi na chochote, na upepo mdogo au mkondo hafifu watosha kuisogeza kando. Gari likivuta, shetri hushuka palepale ilipofikia. Tena, inaposhuka, boti nzima hubadili pembe, omo ikainuka na kurudi nyuma kidogo, na ndiyo sababu pengo hutokea hata kama kamba ilikuwa imekazwa vizuri.

Dawa yake huwashangaza wengi, nayo ni kupunguza kina. Trela irudishwe majini hadi madigadi yakaribie kufunikwa, isizidi hapo, ili omo ikae juu ya mbao mapema na boti ivutwe kwa winchi sehemu iliyobaki. Kadiri inavyovutwa, omo huinuliwa na boti hupata mwinamo uleule wa trela, hivyo shetri huteremka ikiwa tayari katikati ya miongozo, yaani nguzo za kando za trela. Mikono huchoka zaidi, lakini kuchoka huko ni afadhali kuliko kuishusha boti upya mara tatu. Penye mteremko mdogo mambo hugeuka: huko trela haina budi kwenda mbali zaidi ndipo maji yatoshe boti kuelea, na wakati mwingine magurudumu ya nyuma ya gari huingia majini.

Katika pwani yetu kuna jambo la ziada. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa hukaribia mita 4, na kwenye mteremko tuliouchukua, hiyo ina maana kwamba ndani ya saa 6 hivi ukingo wa maji husogea karibu mita 28. Aliyeshusha boti maji yakiwa yamejaa, juu ya zege kavu na safi, akirudi maji yakiwa yamekupwa huikuta sehemu ya chini, iliyojaa utelezi, na pengine mwisho kabisa wa zege, ambapo magurudumu ya trela yakipita ukingo hutumbukia na kunasa. Utelezi huo ndio hatari kubwa, kwa sababu boti inapotoka majini hupoteza msaada wa kuelea, na gari hulazimika kuvuta mzigo wake wote pale pale matairi yanapohitaji kushika chini. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele pekee hupata taabu zaidi, kwa kuwa mlimani uzito huelemea nyuma. Kwa maoni yangu, kusubiri maji yajae saa mbili zaidi ni uamuzi wa nahodha mwerevu, wala si woga.

Upepo wa kusi nao ukivuma kutoka ubavuni, boti ielekezwe kidogo upande unakotoka, na mtu mmoja ashike kamba ya shetri upande huohuo mpaka boti ilale. Wapo wanaoisukuma boti juu ya trela kwa nguvu ya mashine. Njia hiyo ni ya haraka, lakini maji yanayorushwa na rafadha, yaani pangaboi la mashine, huchimba shimo mwishoni mwa zege, na ndiyo maana baadhi ya maeneo huikataza.

Kabla gari halijasogea, mnyororo wa usalama ufungwe kwenye omo pamoja na kamba ya winchi, kwa kuwa kamba ikikatika mlimani boti nzito huteleza na kurudi nyuma, na yeyote aliyesimama nyuma yake hana nafasi ya kukimbia.