Je, wajua kwa nini mwanakriketi wa Kenya, Steve Tikolo, hakucheza Testi hata moja, ile mechi ya kriketi ya siku tano?

Aprili 1997, Kuala Lumpur. Ni fainali ya Kombe la ICC, mashindano ya nchi ambazo Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lilikuwa halijazipa uanachama kamili. Kenya inapiga kwanza na kupata mikimbio (alama za kriketi) 241. Kati ya hiyo, 147 imetoka kwenye gongo la mtu mmoja (gongo la kriketi, si lile la kunywa): Steve Tikolo, kijana wa Nairobi mwenye miaka 25.

Kisha mvua ikanyesha. Mchezo ukasogezwa hadi siku ya pili na hesabu zikapigwa upya: Bangladesh watafute mikimbio 166 kwa ova 25, yaani mipira 150. Wakaingia ova ya mwisho wakihitaji 11, na mpira wake wa kwanza tu ukapaa hadi nje ya mpaka, mikimbio sita kwa mpigo. Ukabaki mpira mmoja na mkimbio mmoja. Mpira ule haukuguswa hata na gongo. Ulimpiga mpigaji mguuni, yeye na mwenzake wakatimua mbio, wakavuka, na mkimbio ukahesabiwa. Kombe likaenda Dhaka.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, Bangladesh ikawa nchi ya kumi kuruhusiwa kucheza Testi, ule mchezo wa siku tano, kila timu ikipewa zamu mbili za kupiga, ambao wanakriketi wanauona ndio kipimo cha kweli cha mpigaji. Tikolo hakuwahi kuucheza.

Wengi husema mkimbio ule mmoja ndio uliomnyima. Simulizi ni tamu, lakini mimi siikubali. Testi haipatikani kwa kushinda kombe. Ni kibali ambacho wenye nacho humpa asiye nacho, wakiwa mezani, na mezani hawahesabu mikimbio peke yake. Huuliza: nyumbani mna ligi ya mechi za siku nyingi? Vijana wanaochipukia ni wangapi? Mashabiki na wadhamini je? Bangladesh ilikuwa na watu zaidi ya milioni mia moja wenye wazimu wa kriketi, na mtetezi mkubwa: Jagmohan Dalmiya wa Kolkata, India, aliyekuwa rais wa ICC kuanzia 1997 hadi 2000.

Kenya nayo ilikuwa na nini? Ilikuwa na wachezaji, na wachezaji haswa. Februari 1996, mjini Pune, waliwatoa wapigaji wote wa West Indies kwa mikimbio 93, wakati wao wenyewe walikuwa na 166 tu. Siku chache baadaye, mwezi Machi, Sri Lanka wakawatandika mikimbio 398, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja wakati huo, na Tikolo akajibu kwa 96 dhidi ya timu iliyokwenda kutwaa Kombe la Dunia mwezi huohuo. Mwaka 2003, yeye akiwa nahodha, Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli pia kwamba New Zealand waligoma kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na kuiachia Kenya pointi za bure. Lakini Sri Lanka walikuja, wakapigwa kwa tofauti ya mikimbio 53.

Sasa tazama majina ya timu zile. Tikolo alikuwa na kaka zake, Tom na David, nao wote walichezea Kenya. Akina Odumbe ni wawili, akina Suji wawili, na Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni watoto wa nyumba moja. Inapendeza, na hapohapo ndipo penye ugonjwa. Taifa zima lilikuwa likichota kwenye kisima kimoja: familia chache na klabu chache, nyingi zao za Nairobi. Kizazi kile kilipochoka, nyuma yake hapakuwa na foleni.

Baada ya 2003 mambo yakaharibika upesi. Mwaka 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na wacheza kamari, na wachezaji wakagombana na viongozi wao kuhusu malipo. Mwenye kura mezani hakuhitaji sababu nyingine.

Njia ya mkato ipo, ya kubadili nchi. Eoin Morgan wa Dublin alipoona Ireland haina kibali, alihamia England na akacheza Testi 16. Tikolo alibaki na Kenya na kufunga zaidi ya mikimbio 3,400 katika mechi za kimataifa za siku moja. Ireland yenyewe, ambayo Kenya iliifunga kwenye nusu fainali ya Kombe lilelile la ICC la 1997, ilipata kibali mwaka 2017 pamoja na Afghanistan. Wakati huo Kenya ilikuwa imeshapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, tangu 2014.

Tikolo aliagana na Kombe la Dunia, lake la tano, tarehe 20 Machi 2011, akiwa na miaka 39, siku Kenya ilipofungwa na Zimbabwe. Uwanja ulikuwa Eden Gardens, Kolkata, unaochezewa Testi tangu 1934.